Mama Ametulia

Tongoni, Tanga
11 Juni 1957

Kwa mdogo wangu mpenzi Uweso,

Asalaam aleikum. Pokea salamu nyingi kama mchanga wa huku kwetu ulioukanyaga utotoni. U hali gani? Kile kifua ulichoondoka nacho kimepona? Sisi huku hatujambo, na leo ukilisoma neno hatujambo ujue ni la kweli, si lile la kuanzia barua.

Uliondoka siku ya pili tu baada ya sisi kumpeleka mama kwa yule daktari Mgoa kule mjini, kwa hiyo hukuona kitu. Ngoja nikuhadithie. Vile vidonge vidogo nilimpa kama tulivyoagizwa, asubuhi na jioni. Mwanzoni hakuna kilichobadilika. Mikono inaruka vilevile, bega linapanda lenyewe, uso unakunjika na kukunjuka, miguu inakwenda kombo, na wanawake wa kisimani wananong'ona kwamba Mboni siku hizi anaonja tembo la mnazi. Mama mkubwa Sabiha akapata la kusema: "Niliwaambia mimi. Huyu ni pepo wa baba yetu, hamtamtoa kwa vipande vya chaki." Unamjua mama mkubwa, akishasema neno halirudishi.

Basi juzi nimepakua wali na kunde, nikakaa nimlishe mama kama kawaida. Akaniambia, "Ondoka hapa, niachie sahani yangu." Uweso, mama amekula kwa mkono wake mwenyewe! Tonge limetoka sahanini likaenda kinywani moja kwa moja, halikupitia sikioni. Nikalia. Naye akanitukana, akasema nikitaka kulia niyalilie mapishi yangu, maana kunde hazina chumvi. Sijapata kutukanwa nikafurahi kama juzi.

Lakini sitakuficha, nina hofu. Wewe ulikuwa umeshatoka nje kutafuta basi wakati daktari anamalizia maneno yake. Aliniambia hivi: "Dawa hii asili yake ni mzizi wa mti wa Bara Hindi, na kwa maradhi haya bado ni mpya. Wagonjwa walioinywa kwa miezi nimewaona. Walioinywa kwa miaka sijawaona, wala sijui aliyewaona. Siwezi kukuambia mwakani itamfanya nini. Ukiona jambo geni, mlete." Nikamuuliza jambo geni ndilo lipi. Akasema, "Lolote." Sasa mimi niishi namchungulia mama nikisubiri lolote?

Tena alisema ugonjwa huu unafuata damu. Hilo hakuwa na haja ya kuniambia. Wewe ulikuwa mdogo, lakini mimi nakumbuka babu alivyofungwa kamba kitandani asijiumize, mpaka akafa amekwisha kabisa kwa kukonda. Hata Mselem aliponirudisha nyumbani kwa talaka hakutaja sababu, ila mama yake aliitaja mtaa mzima. Nikiutazama mkono wa mama nauona wa babu. Wangu mwenyewe sipendi kuutazama, mara nyingine naukalia.

Mama anakusalimu. Anasema ukija tena usimletee biskuti za maziwa, ni za wagonjwa.

Ni mimi dada yako,
Mastura


Dar es Salaam
27 Juni 1957

Dada yangu Mastura,

Shikamoo dada, na shikamoo zote mbili nyingine uzifikishe kwa mama na kwa mama mkubwa. Mimi sijambo, kifua kimepona, kazi ya ukarani hapa bandarini inaendelea na jua la gatini linaendelea kutukaanga. Hofu ni juu yenu mlio mbali na macho yangu.

Barua yako niliipokea kazini. Nilipofika kwenye habari ya tonge ikabidi nijifiche nyuma ya magunia, wenzangu wasinione. Alhamdulillahi! Dada, mimi nilikuwa nimekata tamaa. Nilipokuja mwezi ule na kumwona mama ameketi barazani, mwili mzima unacheza na yeye mwenyewe hachezi, nilitamani nirudi Dar es Salaam siku ileile.

Sasa nisikilize. Hofu yako ya "lolote" iweke kando. Dawa inayomrudishia mtu mkono wake haiwezi kuwa adui. Nami nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu: ninapoiombea dawa hii naomba kwa ajili yetu watatu, mama, wewe na mimi. Babu alipata, mama amepata. Wa tatu akiwa wewe au mimi, angalau tutakuwa tunajua pa kukimbilia. Kwa hiyo usimpunguzie hata kidonge kimoja.

Najua kazi zako ni nyingi na barua ndefu inachosha. Wewe kila mwezi niandikie neno moja tu: ametulia, au hajatulia. Hilo litanitosha, nami nitalala usingizi.

Barua zangu nitaendelea kuzipitishia dukani kwa Mwinyijuma, barabara ya tisa, awape watu wa basi la Tongoni.

Mdogo wako,
Uweso


Tongoni, Tanga
22 Agosti 1957

Mdogo wangu Uweso,

Ametulia. Nimeanza na hilo kwa kuwa ndilo ulilolitaka, salamu sasa ndiyo zinafuata. Asalaam aleikum, hujambo, kazi haijambo? Sisi wazima, ua mzima, na kuku wa mama mkubwa bado anataga chini ya kitanda changu.

Ametulia kweli. Mwezi uliopita alikuwa anasuka ukili tena, vidole vimetii, nikasema basi mwaka huu tutalalia mkeka mpya. Sasa ukili upo mapajani lakini hasuki. Anautazama. Ukimwita anageuka polepole, uso umekaa pale pale, haucheki wala haununi. Akitembea anaburuta miguu. Watu wanampongeza. Wanawake walewale wa kisimani wanasema, "Mboni amekuwa mtu mzima sasa, ana haya." Mama mkubwa anasema pepo amekaa chini, bado kuondoka tu.

Nami nikafanya jambo la kipumbavu. Unajua mama na samaki wa kuungua. Jumatatu nilimwacha samaki, changu mmoja, akaungua makusudi, ubavu mmoja mweusi kama sufuria, nikamtengea. Nilitaka anitukane, Uweso, hata tusi moja. Akala. Alipomaliza akasema, "Ahsante, mwanangu." Nikaenda jikoni nikakaa huko mpaka mikono yangu ilipoacha kutetemeka, na kila ilipotetemeka nikaona ni ile damu ya babu imeamka.

Daktari hayupo, amekwenda kwao Goa kwa likizo ndefu. Mama naye hataki kupanda basi, anasema hana nguvu. Nilikwenda peke yangu kuchukua vidonge. Yule dresa, msaidizi wake aliyeachwa pale dirishani, hakuuliza mengi. "Ametulia?" Nikamjibu, "Ametulia." Akanifungia dawa kwenye karatasi. Nilitaka kusema na jambo jingine, lakini jambo lenyewe silijui jina. Ningesemaje? Kwamba mama yangu ameingiwa na adabu?

Niambie wewe msomi, hilo nalo ni "lolote"?

Dada yako mwenye mashaka,
Mastura


Dar es Salaam
6 Septemba 1957

Dada Mastura,

Shikamoo. Sijambo, nanyi natumai hamjambo.

Dada, tangu dunia iumbwe wewe ndiye mtu wa kwanza kumshitaki mama yake kwa adabu. Nimecheka mpaka mwenzangu Asheri akaniuliza kama nimepandishwa cheo. Mtu aliyehangaika mwili mzima miaka yote hii, akipata nafasi ya kupumzika si atapumzika? Mwache anyamaze. Matusi si dalili ya afya. Yangekuwa hivyo, makuli wa hapa gatini wasingeugua milele.

Meli zimepangana, hatupati hata Ijumaa. Endelea na dawa. Na samaki usimwunguze tena, ni dhambi.

Mdogo wako,
Uweso


Tongoni, Tanga
9 Oktoba 1957

Mdogo wangu Uweso,

Asalaam aleikum na baraka za Maulidi. Nakuulizia hali yako, na kwetu hali ni hii nitakayokueleza, sijui niiite njema au mbaya, utaniambia wewe.

Tangu mwezi uliopita mama halali. Anaamka alfajiri hata adhana bado, anakaa ukingoni mwa kitanda, machozi yanatoka. Ukimuuliza unalia nini anasema hajui. Kwenye Maulidi hakwenda, yeye aliyekuwa akishika nafasi ya mbele tangu mchana. Mama mkubwa akasema sasa basi, akamleta fundi Msafiri kutoka Mwera, yule mpunga pepo anayesifiwa hata Pangani mjini. Sikumzuia. Ungekuwa hapa nawe usingemzuia, maana ungekuwa umechoka kuogopa kama mimi.

Akafukiza ubani, akaimba, ngoma zikalia uani. Kisha akaanza kumuuliza pepo kama desturi. "Wewe nani?" Mama akasema, "Nimechoka." Fundi akauliza, "Unataka nini?" Akasema, "Nataka kwenda zangu." Hapo watu wakachangamka, maana unajua pepo akisema hivyo ndiyo anakubali kutoka. Fundi akamsogelea. "Utakwenda lini?" Mama akafikiri kidogo, akasema, "Mwezi ukiandama." "Unatuaga?" "Nawaaga. Msinililie." Mama mkubwa akapiga kigelegele nyumba nzima ikavuma. Tukamwitikia sote kwa pamoja, nami nikiwemo: "Nenda salama, wala usirudi!" Akapewa doti ya kanga mpya na chupa ya marashi, zawadi yake ya safari.

Kila mtu amefurahi ila mimi. Nimewaona wenye pepo tangu utotoni, nawe umewaona. Wa Kiarabu akipanda kichwani hudai kahawa kwa sauti nene, wa Kimasai huruka na kudai maziwa. Huyu alisema kwa sauti ya mama. Nilimuuliza fundi, akasema wapo mapepo wapole.

Na tangu siku hiyo mama amekuwa mwepesi kidogo. Pete yake ya fedha amenivisha mimi. Kinu amempa jirani. Jana alimwomba radhi mama mkubwa kwa ugomvi wa zamani ambao mama mkubwa mwenyewe alishausahau. Mama mkubwa anasema pepo anafungasha virago.

Fundi ametukataza kumtaja mpaka mwezi uandame na juma moja lipite, asije akasikia akarudi. Kwa hiyo barua hii ndiyo ya mwisho kwa sasa, usishangae nikinyamaza. Dawa anakunywa vizuri, haachi.

Ametulia.

Dada yako,
Mastura


SIMU YA MAANDISHI. DAR ES SALAAM, 19 OKTOBA 1957
KWA MASTURA WA TONGONI, DUKANI KWA MWINYIJUMA, TANGA

SI PEPO. NI MAMA ANAYESEMA. MSIMWACHE PEKE YAKE HATA KIDOGO. DAWA ISIMAME LEO. BARUA INAFUATA.
UWESO


Dar es Salaam
19 Oktoba 1957

Dada,

Salamu utanisamehe. Simu nimeshaipiga, naomba Mungu ikufikie kabla ya hii.

Barua yako nilipoisoma mpaka kwenye pete na kinu nikasimama. Mtu anayegawa vitu vyake na kuomba radhi anafanya nini, dada? Hapa mjini tulikuwa na mwenzetu wa kupakua mizigo aliyegawa hivyo hivyo, tukamwona mkarimu. Sitakueleza alivyoishia.

Nikaenda moja kwa moja kwa daktari mmoja hapa, nikampa jina la dawa. Hakuniacha nimalize. Aliniuliza, "Mgonjwa analia?" Nikasema ndiyo. "Halali?" Ndiyo. "Amesema amechoka kuishi?" Nikamwambia amesema anataka kwenda zake, na nyumba nzima imemjibu nenda salama. Akavua miwani. Akasema huko ng'ambo watu wanainywa dawa hii kwa maradhi mengine, ya presha ya damu, na sasa wameanza kuona kwamba ikikaa sana mwilini baadhi yao huzama katika huzuni isiyo na sababu. Wengine wamejitoa roho. Wenyewe hawakuwa na msiba wowote, dada. Ni dawa.

Imemtuliza mikono, kisha ikaendelea kumtuliza mpaka ndani. Nami ndiye niliyekuambia usimpunguzie hata kimoja.

Ficheni kamba, visu, kila kitu. Usiku lala naye kitanda kimoja. Mama mkubwa akileta habari ya pepo, mwambie Uweso amesema pepo hajawahi kumwomba mtu radhi. Nimeomba ruhusa ya kuja, nimenyimwa mpaka meli iliyopo gatini iishe kupakuliwa.

Mwezi haujaandama bado. Niandikie. Niandikie chochote.

Mdogo wako,
Uweso


Dar es Salaam
30 Oktoba 1957

Dada Mastura,

Mwezi uliandama juma lililopita. Niliuona juu ya paa za Kariakoo, watu wanaoneshana, nami nikaingia ndani nikafunga dirisha.

Sijapata neno kutoka kwako. Sijui kama simu ilifika. Kila anayeniita kwa jina kazini nadhani ameleta habari. Kama limetokea, dada, usiniandikie kwa mzunguko, usianze na salamu wala na hatujambo. Liandike juu kabisa.

Uweso


Tongoni, Tanga
4 Novemba 1957

Mdogo wangu Uweso,

Yu hai. Nimeliandika juu kabisa kama ulivyotaka.

Simu yako ilikaa dukani kwa Mwinyijuma, kwa kuwa basi letu lilikuwa bovu na hakuna aliyekuja huku. Barua yako ilikaa pamoja nayo. Zote nimezipata kwa mkupuo mmoja, asubuhi ya pili baada ya mwezi kuandama. Utingo alinikabidhi njiani nikiwa natoka kununua mafuta ya taa. Simu niliisoma nimesimama. Mafuta sijui niliyaacha wapi.

Nyumbani namkuta mama mkubwa anafagia huku anaimba. "Mama yuko wapi?" Akasema, "Ameoga, amevaa kanga zake mpya, ametia marashi, ametoka. Nikamsikia anaaga mlangoni, nami nikaitikia. Mwache, ndiyo pepo anakwenda."

Nilipiga mayowe, Uweso. Nilipita kisimani, hayupo. Nikapita makaburini, hayupo. Nikamkuta kule magofuni, kwenye kile kisima kikuukuu tulichokuwa tunakatazwa kukisogelea tukiwa watoto. Ameketi ukingoni, miguu iko ndani. Ametulia. Ndipo nilipolijua neno hilo, na Mungu anisamehe kwa mara zote nilizoliandika. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nasi tulikuwa tukikishukuru kile kimya.

Nikajikaza nisimshtue. "Mama, unafanya nini hapa?"

"Nakwenda zangu."

"Mama, rudi nyumbani."

"Niliaga, Mastura. Mkaniitikia. Na wewe ulisema nenda salama, nilikusikia."

Nikamwambia, "Nilikuwa nikimwambia pepo, mama."

Akageuza kichwa polepole akanitazama. "Pepo gani? Si mlikuwa mkizungumza nami?"

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. Alisema kama mtu aliyeahidiwa jambo, sasa anasumbuliwa. Nikamkumbatia kiuno kwa nyuma, magoti yangu yamekita ardhini, marashi yananijaa puani, nikamwambia, "Basi nimekataa. Ruhusa naiondoa." Akasema ruhusa haiondolewi. Nikasema aliyeitoa ni mimi, na niliitoa kwa makosa, na yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kilichotolewa kwa makosa hurudishwa. Akafikiri sana. Kisha akaniegemea, mzito, akasema amechoka hata kubishana. Nikamvuta nyuma.

Mama mkubwa nilipomsomea barua yako alikaa chini palepale kwenye takataka alizozifagia. Tangu siku hiyo hapigi kelele, anamfuata mama kila aendako, hata chooni anasimama mlangoni.

Daktari amerudi. Tulimpakia mama ndani ya basi kwa nguvu. Daktari alimtazama usoni tu, akajua. Hakujitetea. Alisema alipaswa kutuachia onyo lenye jina, si "lolote". Vidonge ameviondoa. Lakini amenipa hofu nyingine: anasema dawa hii hutoka mwilini kwa kuchelewa, na moyo utachelewa zaidi ya mikono. Mikono itaanza kuruka kwanza. Hapo katikati, anasema, atakuwa na nguvu za kutembea lakini hamu ya kuishi bado haijarudi, na hapo ndipo tusimame imara.

Ndipo tulipo sasa. Huwa tunaandika kwamba hofu ni juu yenu mlio mbali. Leo hofu iko hapa, imekaa nami kitandani. Njoo.

Dada yako,
Mastura


Dar es Salaam
15 Novemba 1957

Dada yangu Mastura,

Shikamoo. Yako nimeipokea. Ahsante ni neno dogo.

Nakuja. Meli imeondoka, ruhusa nimepata, nitapanda basi la Jumatano. Wacha niseme ukweli kabla sijafika: naogopa kumtazama. Naogopa mikono yake ikicheza, naogopa ikitulia, na kila nikimtazama najiona mimi mwenyewe baada ya miaka kadhaa. Ile dawa niliipenda kwa sababu nilidhani imenifungulia mlango. Sasa mlango umefungwa tena, na naja hivyo hivyo.

Kama bado halali, mwambie Uweso yuko njiani. Kama hajali, mwambie hata hivyo.

Mdogo wako,
Uweso


Tongoni, Tanga
3 Februari 1958

Mdogo wangu Uweso,

Asalaam aleikum. Hujambo? Ulifika salama? Tangu uondoke ua umekuwa mkubwa, mama mkubwa anakuulizia kila ukipikwa mchuzi wa papa.

Uliyoyaona mwanzo wakati ungali hapa sasa yamekamilika. Mikono imerudi yote. Bega linapanda, miguu inakwenda kombo, wanawake wa kisimani wamerudia maneno yao ya tembo. Na mama amerudi. Juzi alimfukuza muuza ndizi kwa tusi ambalo siwezi kukuandikia, karatasi itaungua. Anacheka. Usiku analala. Nilidhani nitafurahi tu nisiogope tena, lakini hofu haikuondoka, imehama chumba tu.

Maana chakula hakipiti vizuri. Koo nalo limeanza kucheza. Wiki iliyopita tonge lilimkwama akageuka rangi, tukampiga mgongoni mimi na mama mkubwa mpaka likatoka. Amekonda hata kanga hazikai. Tukarudi kwa daktari.

Daktari akasema tunaweza kujaribu tena ile dawa, kidogo sana, nusu ya kidonge wakati wa kulala, apate kumeza na mwili upumzike. Akarudia yaleyale: wa miaka sijawaona. "Inaweza kumshika moyo tena. Inaweza isimshike. Sijui." Nikafungua kinywa nijibu, akaninyamazisha kwa mkono. Akamgeukia mama. "Safari ile nilimuuliza bintiyo. Leo nakuuliza wewe."

Mama alikaa pale kitini akiruka, mkono mmoja ameushika kwa mwingine. Akasema, "Mlikuwa mkimuuliza huyu kama nimetulia. Hakuna aliyeniuliza mimi kama nipo." Daktari akainamisha kichwa. Mama akaendelea, na nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, kwa kuwa ameniamuru.

"Nitainywa hiyo nusu. Kufa kwa tonge la muhogo sitaki, ni aibu. Lakini dawa hii naijua kuliko ninyi, mimi ndiye niliyekaa ndani yake. Haiji na sauti. Inakuja inakuambia umechoka, na wewe unaona ni kweli. Ikinishika tena nitakuja kuwaaga. Na nitawaaga vizuri, kwa adabu, kwa maneno ya busara, mpaka mtaona ni haki yangu. Msiitikie. Nikatalieni. Hata nikilia, hata nikiwaapiza, nikatalieni, maana siku hiyo anayesema si mimi, na kama ni mimi basi nimesahau."

Mama mkubwa akajibu palepale, "Nakukatalia." Nami nikasema hivyo hivyo. Mama akasema, "Bado mmoja. Mwandikie. Salamu zake sizitaki, nataka jibu."

Basi nimeandika. Nusu ya kwanza ameinywa jana, na leo tangu asubuhi nimemchokoza mara kadhaa nisikie kama tusi bado lipo. Lipo.

Jambo la mwisho, usimwambie mtu. Juzi nilikuwa nachambua mchele, kidole changu kidogo cha kushoto kikaruka chenyewe. Mara moja tu. Pengine ni uchovu, pengine ni kukosa usingizi miezi yote hii. Nimekitazama mchana kutwa na hakijarudia. Naogopa, Uweso.

Dada yako,
Mastura


Dar es Salaam
14 Februari 1958

Kwa mama yangu Mboni, asomewe na dada.

Mama, shikamoo. Hukutaka salamu, hiyo moja nivumilie.

Nakataa. Ukiniaga kwa adabu nakataa, ukiniaga kwa matusi nakataa. Ukisema nilishakubali, ujue ni uongo, na barua hii ndiyo shahidi. Ukinifikishia habari kwamba unakwenda zako, nitaacha meli gatini nije nikukatalie usoni.

Dada Mastura, hicho kidole nimekisoma. Nawe nimekukatalia kabla hujaaga. Na siku nikikuandikia mimi barua nzuri, yenye adabu nyingi na kuomba radhi, usinijibu nenda salama. Panda basi uje unitukane.

Mwanao, na mdogo wako,
Uweso